Jirani Anywaye Chini ya Mto: Historia ya Utafiti wa Maji na Mazingira katika Nyanda za Mpanda

Utangulizi

Kata ya Litapunga, katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, Mkoa wa Katavi, haitajwi mara nyingi katika vitabu vya wataalamu. Hata hivyo nyanda za Mpanda, ambazo Litapunga ni sehemu yake, zimekaa mahali pa pekee katika jiografia ya Afrika. Hapa nchi hugawa maji. Mvua inyeshayo upande mmoja hufuata vijito hadi mto Ugalla, kisha Malagarasi, ikaingia Ziwa Tanganyika, na kwa njia ya mito ya Lukuga na Kongo ikaishia katika Bahari ya Atlantiki. Mvua inyeshayo upande wa pili huingia mto Katuma, ikapita Sitalike na mbuga za Katavi, ikafika Ziwa Rukwa. Huko safari yake hukoma, kwa maana Rukwa ni ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Bonde la Malagarasi lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 130,000, na lile la Rukwa kama 80,000. Mkulima wa nyanda hizi akipiga jembe, ana majirani wa mbali kuliko anavyodhani.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi mito hii ilivyochunguzwa tangu karne ya kumi na tisa hata leo. Hatuandiki kama wataalamu wa elimu ya viumbe, bali kama watumishi wa Neno wanaosoma historia. Hoja yetu ni hii: kila kizazi cha watafiti kiliuliza mito swali lililowahusu wale waliokituma, na swali juu ya mtu anywaye chini ya mto lilichelewa sana kuulizwa. Tena Kanisa letu la Kilutheri halikuwa mtazamaji katika historia hii. Lilishika shoka. Kwa hiyo haitupasi kusoma habari hizi kana kwamba zinawahusu wengine tu.

1. Wapita njia na wamisionari

Wenyeji wa nchi hii, Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na wengineo, walikuwa na elimu yao ya maji kabla mgeni yeyote hajafika na daftari. Jina la Katavi lenyewe ni la mzimu uliosimuliwa kuwa ulikuwa mwindaji, nao ulipewa heshima chini ya mkwaju kando ya ziwa lenye jina hilo. Sisi wahubiri tumezoea kuhesabu mambo kama hayo kuwa ni upagani na kuishia hapo. Lakini mwanahistoria hana budi kuona kwamba mahali penye heshima palikuwa pia mahali ambapo mtu hakukata, hakulima wala hakuchafua apendavyo.

Wazungu wa kwanza waliotazama maji ya upande huu walitafuta njia. Swali lao lilikuwa: Je, Ziwa Tanganyika linatoka wapi? Mwaka 1874 Cameron aliukuta mto Lukuga umezibwa na majani na matope. Miaka michache baadaye ziwa lilivunja kizuizi hicho, na mwaka 1879 Edward Hore, baharia wa Shirika la Misheni la London, aliona kwa macho yake maji yakitoka kwa nguvu. Ziwa likaanza kushuka. Kituo cha Karema, kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kupokelewa na Mapadre Weupe mwaka 1885, kiliachwa na ufuko uliozidi kurudi nyuma. Hivyo baadhi ya kumbukumbu za kwanza zilizoandikwa juu ya maji ya magharibi mwa nchi yetu zilitoka kwa watu wa misheni. Hore hakuona kwamba kupima ziwa kunamwondoa katika wito wake.

Ziwa Rukwa nalo lilionwa na Joseph Thomson mwaka 1880. Mwaka 1897 Wallace alilikuta limepungua mno, pahali pengi pakiwa uwanda mkavu. Mwaka 1929 urefu wa ziwa ulikuwa kama kilomita 50; mwaka 1939 ulizidi kilomita 120; na mwaka 1949 ziwa lilikaribia kukauka. Ndugu msomaji azishike tarehe hizi, kwa kuwa tutazihitaji tutakapofika kwenye habari za lawama.

2. Malale, nzige na nyayo za tembo

Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe na nyati katika Afrika Mashariki. Watu wakapungua kwa njaa na magonjwa, pori likarudi mahali palipokuwa na mashamba, na mbung'o wakarudi pamoja na pori. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya ikolojia na historia ya Afrika Mashariki, alieleza kwamba pori kubwa walilolikuta watawala halikuwa pori la tangu kuumbwa kwa dunia. Kwa sehemu kubwa lilikuwa alama ya msiba. Neno hilo ni la muhimu kwetu, kwa sababu hata leo wapo wanaoitazama misitu ya miombo ya Mpanda kana kwamba haijapata kukaliwa na mtu.

Serikali ya Waingereza ilipokabili ugonjwa wa malale baada ya mwaka 1922, daktari George Maclean alisimamia kazi ya kuwahamisha watu waliotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa. Utafiti wa mazingira ulikuwa hapa utafiti wa inzi, na dawa yake ilikuwa kuwahamisha wanadamu. Watu walipona, lakini nchi waliyoiacha ikawa pori, na baadhi ya mapori hayo yakaja kuitwa hifadhi.

Kisha ukaja wakati wa nzige. Pigo la nzige wekundu lililoanza karibu na mwaka 1930 na kuendelea hata mwaka 1944 liliharibu mashamba ya nusu ya kusini ya bara hili, na uwanda wa Rukwa ulitambuliwa kuwa mojawapo ya vitalu vyao. Mwaka 1949 ilianzishwa huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, nchini Zambia. Mkurugenzi wake, Donald Gunn, aliandika juu ya historia ya Ziwa Rukwa na nzige, akionyesha kwamba kuongezeka kwa nzige hakuelezeki pasipo kujua kupanda na kushuka kwa maji. Hapo kwa mara ya kwanza watafiti walilazimika kuangalia bonde zima: mvua, ziwa, majani na mdudu kwa pamoja.

Miongoni mwa watumishi wa huduma hiyo alikuwapo Desmond Vesey-FitzGerald. Alitumwa kuchunguza majani kwa ajili ya nzige, akajifunza jambo jingine. Mwaka 1960 aliandika jinsi wanyama wa uwanda wa Rukwa wanavyofuatana katika malisho. Wanatangulia wakubwa, tembo na nyati, ambao hukanyaga na kulaza majani marefu magumu. Nyuma yao huchipua majani mafupi laini, nao wadogo, kama vile nyamera na sheshe, hupata chakula ambacho wasingeweza kukifikia peke yao. Nyayo za mwenye nguvu zilimfungulia dhaifu meza. Tutalirudia jambo hili mwishoni.

3. Kanisa lashika shoka

Mwaka 1964 Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni lilianzisha huduma ya wakimbizi nchini, ambayo wengi tunaijua kwa herufi zake, TCRS. Kazi yake ilifanyika kwa mapatano ya pande tatu: Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na TCRS yenyewe. Mauaji ya mwaka 1972 yalipowakimbiza Warundi wengi kuvuka mpaka, lilifunguliwa makazi ya Katumba, jirani na Litapunga, mwaka 1973. Makazi ya Mishamo yalifuata mwaka 1978, nayo yakakabidhiwa kwa Serikali mwaka 1985.

Hatuna budi kusema bila kusitasita kwamba kazi hiyo ilikuwa njema. Watu waliofika wakiwa na nguo walizovaa walipewa ardhi, mbegu, visima, shule na zahanati, na baada ya muda wakajilisha. Waliogeuza pori kuwa nchi ya mahindi, maharage na tumbaku walikuwa wakimbizi wenyewe, kwa mikono yao. Serikali ya wakati huo iliona sehemu hizo kuwa tupu na zenye kuhitaji watu, wala haikuwa siri kwamba wakimbizi walipelekwa kufungua nchi ya mbung'o.

Lakini tukitazama nyuma, twaona pengo katika maswali yaliyoongoza makazi ya namna hiyo. Yalikuwa maswali ya mtu na shamba: Je, udongo unafaa? Je, maji ya kisima yanatosha? Je, barabara itapitika masika? Yalikuwa maswali ya lazima, kwa maana mtoto mwenye njaa hangoji hesabu ya bonde la mto. Hata hivyo swali la kile ambacho makumi ya maelfu ya watu, pamoja na kuni zao, matofali yao na mabani ya tumbaku, wangefanya kwa vijito baada ya miaka arobaini, halikuwa na mahali pake katika mipango ya enzi ile. Huruma ilitazama aliyesimama mbele yake, haikutazama chini ya mto.

4. Wanyama kuhesabiwa, watu kulaumiwa

Wakati huohuo mkondo mwingine wa utafiti ulikuwa umeanza. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto walifuata muda mfupi baadaye, na mwaka 1965 Toshisada Nishida alianza kazi ya kudumu kuchunguza sokwe katika milima ya Mahale. Mwenzake, Takayoshi Kano, alitembea katika mapori ya magharibi hata upande wa Ugalla, akionyesha kwamba sokwe huishi pia katika miombo mikavu. Katavi ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974, na baadaye ikapanuliwa kufikia kilomita za mraba zipatazo 4,471. Katika miaka ya 1990 Tim Caro wa Chuo Kikuu cha California alianza kuhesabu wanyama wa Katavi na mapori yanayoizunguka. Taarifa yake ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba wanyama walikuwa wengi zaidi palipokuwa na ulinzi kamili. Ile ya mwaka 2008 ilieleza kupungua kwa wanyama wakubwa katika eneo hilo.

Hesabu hizo ni za thamani, wala hatuna sababu ya kuzitilia shaka. Tunachokiuliza ni mahali zilipomwacha mwanadamu. Katika utafiti wa aina hii, kwa muda mrefu, mtu wa kijijini aliingia kama jangili, mchoma mkaa au mvamizi. Mkimbizi alikuwa mwepesi kulaumiwa kuliko wote, kwa kuwa hakuwa na wa kumsemea.

Palikuwa na watafiti waliofanya vinginevyo. Liisa Malkki alikaa Mishamo katikati ya miaka ya 1980, akasikiliza wakimbizi wakisimulia historia yao, na mwaka 1995 akatoa kitabu ambamo wao ni watu wenye kumbukumbu na hoja. Monique Borgerhoff Mulder aliwafuatilia Wapimbwe kwa miaka mingi tangu miaka ya 1990, akiuliza jinsi jamaa zinavyoishi kando ya hifadhi. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC lilitoa taarifa juu ya nyamapori katika kambi za wakimbizi za kaskazini-magharibi, nayo ikaeleza kwamba nyama hiyo iliitwa mchicha wa usiku, kwa sababu ilipikwa gizani. Taarifa hiyo haikuishia kwenye kosa. Iliuliza kwa nini mgao wa chakula haukuwa na nyama. Hapo utafiti ulipiga hatua: mkosaji alitambuliwa kuwa ni mwenye njaa.

Sasa tuzikumbuke tarehe tulizozishika. Ziwa Rukwa lilikuwa limepungua mno mwaka 1897, na likakaribia kukauka mwaka 1949. Wakati huo hapakuwa na Katumba wala Mishamo. Wanaochunguza mashapo ya chini ya ziwa, pamoja na mabaki ya mimea midogo sana ya majini iitwayo diatomu, wameonyesha kwamba maelfu ya miaka iliyopita maji ya Rukwa yalisimama juu kuliko sasa kwa mita zipatazo 180, yakafurika kuelekea Tanganyika kwa upande wa Karema. Ziwa hili lina tabia yake ya kupanda na kushuka kwa mvua. Anayemnyoshea mkimbizi kidole kwa kila bwawa lililokauka hajaisoma historia. Wala anayesema kwamba yote ni mapenzi ya mvua hajaisoma pia, kama tutakavyoona.

5. Swali la maji lafika

Kuelekea mwisho wa karne ya ishirini swali lilianza kugeuka. Badala ya kuuliza juu ya nzige, sokwe au tembo peke yao, watafiti walianza kuuliza juu ya maji yenyewe. Mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ikiwa ya kwanza kwa Tanzania. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliimarisha usimamizi wa maji kwa mabonde, nchi ikiwa na mabonde tisa. Nyanda za Mpanda zikawa chini ya mawili kati ya hayo, la Rukwa na la Ziwa Tanganyika.

Mwaka 2010 Manase Elisa na wenzake walichapisha utafiti uliohusu Katuma na Rukwa katika mjadala wa upungufu wa maji wa hifadhi za Tanzania. Walieleza kwamba mto uliozoeleka kutiririka ulikuwa ukikatika wakati wa kiangazi, na kwamba sababu kubwa ilikuwa juu ya mto: mabanio na mifereji ya kupeleka maji kwenye majaruba ya mpunga, pamoja na kuharibiwa kwa misitu ya vyanzo. Anayetembelea Katavi mwezi wa Septemba au Oktoba huyaona matokeo kwa macho: viboko wamesongamana katika dimbwi la tope, na mamba wamejificha katika mapango ya kingo wakingoja mvua.

Hili si jambo la viboko tu. Maji yasiyofika Katavi hayafiki pia kwa mvuvi na mfugaji wa uwanda wa Rukwa. Na aliyejenga banio si adui wa uumbaji. Ni mzee wa kanisa, ni mwanakwaya, ni mwislamu jirani yetu, anayesomesha watoto kwa gunia la mpunga. Hapa ndipo swali linapokuwa gumu kwa mchungaji, kwa maana wa juu na wa chini wote ni kundi lake.

6. Tafakari: nyayo za namna mbili

Katika Ezekieli 34, kuanzia mstari wa 17, Bwana anahukumu kati ya kondoo na kondoo. Tumezoea kuhubiri mwanzo wa sura ile, ambapo wachungaji wabaya wanakemewa. Lakini sehemu hii yawahusu kondoo wenyewe. Wenye nguvu wamekula malisho mazuri, na yaliyosalia wakayakanyaga. Wamekunywa maji safi, na yaliyobaki wakayachafua kwa miguu. Wadhaifu wakalazimika kula na kunywa kilichoharibiwa. Tuangalie vema: hawakuhukumiwa kwa kula wala kwa kunywa. Kosa lao lilikuwa katika kile walichokiacha nyuma yao.

Sasa tumlete Vesey-FitzGerald na tembo wake wa Rukwa. Nao wanakula, nao wanakanyaga, na miguu yao ni mizito kuliko ya kondoo yeyote. Lakini nyuma yao wadogo wanashiba. Basi zipo nyayo za namna mbili: zinazomfungulia ajaye, na zinazomfungia. Haiwezekani mwanadamu aishi pasipo kukanyaga. Kinachoulizwa ni hali ya nchi baada ya kupita kwake.

Kwa kipimo hicho twaweza kuihukumu historia yetu kwa haki. Lile shoka la mwaka 1973 lilifungua pori ili mdhaifu ale, na kwa hilo tunamshukuru Mungu bila haya. Lakini neema haikutuachia ruhusa ya kutohesabu. Luther alitufundisha kwamba Mkristo huwekwa huru ili amtumikie jirani yake, na bonde la mto hutufundisha jirani huyo anaishi mbali kiasi gani. Aidha, tangu Mkutano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni huko Vancouver mwaka 1983, makanisa yamezisema pamoja haki, amani na uzima wa uumbaji. Katika nyanda za Mpanda mambo hayo matatu hayatenganishwi hata kidogo.

Tuchukue mfano mmoja. Warundi wa mwaka 1972 waliishi muda mrefu bila kujua kesho yao. Mwaka 2010 watu zaidi ya 162,000 walikubaliwa kupewa uraia, lakini kwa sharti la kuhamia mikoa mingine. Sharti hilo lilisimamishwa, na kuanzia mwaka 2014 walipokea vyeti na kuachwa wakae. Tunauliza: ni nani atakayepanda mninga, mti wa miaka mingi, katika ardhi aliyoambiwa kwamba ataiacha? Anayetaka chemchemi itunzwe na aanze kwa kumhakikishia mtunzaji mahali pa kukaa. Haki ilikuwa kazi ya mazingira kabla mche wa kwanza haujapandwa.

Hitimisho

Tumeona mito ya Mpanda ikiulizwa juu ya njia, juu ya malale, nzige, sokwe, tembo, na mwishowe juu ya maji yenyewe. Kila swali lilileta elimu ya kweli, na kila swali liliacha mtu nje. Hatuwalaumu waliotutangulia, kwa maana nasi tulikuwamo.

Kwa wanafunzi wetu watakaopangwa katika sharika za nyanda hizi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mchungaji ajue maji ya usharika wake yanatoka wapi na yanakwenda kwa nani. Ziara moja ya kiangazi kando ya kijito itamfundisha mengi. Pili, kumbukumbu za wazee juu ya mvua, chemchemi na mafuriko ziandikwe katika vitabu vya usharika kama tuandikavyo ubatizo na mazishi, kwa kuwa bila kumbukumbu ndefu lawama humwangukia mgeni. Tatu, wakristo wa juu na wa chini ya mto mmoja wakutanishwe kabla ya msimu wa mpunga, si baada ya ugomvi, wazungumze zamu za maji. Isaka naye aligombewa visima viwili, akachimba cha tatu mahali pasipo ugomvi, akakiita Rehobothi, kwa kuwa Bwana amewapa nafasi (Mwanzo 26). Sisi wa leo hatuna tena mahali papya pa kuhamia. Nafasi hiyo hatuna budi kuitafuta katika mto uleule.

Na mwalimu wa Shule ya Jumapili kule Litapunga, atakapowafundisha watoto kumpenda jirani, awatoe nje baada ya mvua, awaonyeshe maji yanavyogawanyika njia, na kuwauliza ni nani atakayeyanywa.